Palizi Bila Tembo

Dena alijikata mguu wiki ile ile mahindi yalipofika magotini. Alikuwa akichanja kuni nyuma ya nyumba, shoka likateleza kwenye fundo la mti, likamwingia juu ya kifundo. Kuanzia hapo kazi yake ikawa kukaa kitandani, mguu umeinuliwa juu ya gunia, akisikiliza mvua. Kahonzi, mkewe, akaliosha jeraha kwa maji ya chumvi, akalifunga kitambaa, akatoka nje kulitazama shamba.

Shamba lilikuwa halitazamiki. Masika ya mwaka ule yalinyesha vizuri pale Matsangoni, na mvua ile ile iliyoinua mahindi iliinua na magugu. Ndago ilikuwa imeziba nafasi zote, ukisimama kando huoni mstari wala njia. Yasipopaliliwa kabla ya mwezi kuisha, mahindi yangegeuka manjano na kusimama vivyo hivyo, bila hata hindi la kuchoma. Na chakula cha mwaka mzima kilikuwa hicho. Kwenye uchaga juu ya meko mlikuwa na mahindi ya mwaka jana, lakini ukitia mkono sasa ulikuwa unagusa fito.

Siku hizo mtu hakupalilia peke yake. Mwenye shamba alitangaza siku, akagemewa tembo la mnazi, na watu wakaja alfajiri kila mmoja na jembe lake. Walilima mpaka jua la utosini. Kisha walikaa kivulini kuzunguka vibuyu vikubwa, vile viitwavyo kadzama, wakanywa kwa mirija mpaka jua literemke. Kesho yake walikwenda kwa mwingine. Hakuna aliyedai ujira. Tembo ndilo lililokuwa asante na ndilo lililokuwa heshima. Kumwita mtu shambani kisha usimpe tembo ilikuwa sawa na kumkaribisha ndani ukamwacha amesimama.

Dena na Kahonzi walikuwa wameliacha tembo mwaka uliotangulia, siku waliyobatizwa katika kanisa la makuti lililokuwa njia ya kwenda Gede. Walisimama mbele ya watu wakasema hawatakunywa wala hawatamnywesha mtu. Kahonzi akapewa jina la Rebeka, likawa la Jumapili. Siku nyingine zote alibaki kuwa Kahonzi. Msimu ule wa kwanza hawakumhitaji mtu. Walikuwa wawili wenye nguvu, wakapalilia wenyewe wakamaliza. Mwaka huu jembe lilikuwa moja, na mwenye jembe alikuwa na mtoto mgongoni.

Kwanza alikwenda kwa Mwalimu Kahindi, aliyeliangalia lile kanisa. Alimkuta naye ameinama katika muhogo wake, suruali imekunjwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Rebeka. Mguu wa Dena?"

"Uvimbe umepungua, lakini haukanyagi. Mwalimu, nimekuja kwa habari ya shamba. Nataka watu wa kanisa wanisaidie palizi."

Mwalimu akaegemea jembe. "Watu wa kanisa unawajua wote. Nusu yao ni wazee, na waliobaki wamezama katika mashamba yao. Baada ya mwezi huu, labda."

"Baada ya mwezi huu nitakuwa na nyasi tu."

"Nitakuombea."

"Kuomba hata mimi naomba, Mwalimu." Lilimtoka kabla hajalizuia.

Mwalimu akacheka, kisha akaacha kucheka. "Siwezi kukuahidi watu, mama. Nikikuahidi nitakuwa mwongo. Ninalolijua mimi ni kwamba Mungu ni mwaminifu. Hajasema atakupalilia. Amesema hatakuacha."

"Na mtu akifa njaa, tofauti yake ni nini?"

"Hilo sijui," akasema. "Nenda ukaanze pale unapoweza."

Kahonzi alirudi nyumbani amekasirika, na hakujua amemkasirikia nani. Asubuhi iliyofuata alianza pale alipoweza, upande wa njiani. Alilima, akamnyonyesha mtoto, akalima tena. Alipofika mwisho wa mstari na kugeuka, aliona alikotoka ni kijinjia chembamba, na mbele yake kijani kitupu.

Hapo ndipo alipopita Kavumbi, kaka mkubwa wa Dena. Kavumbi alikuwa mgema, kotama yake, kisu cha kugemea, haimtoki kiunoni, na harufu ya mnazi ilimtangulia popote alipokwenda.

"Shemeji, unalima au unaikuna ardhi mgongo?"

"Nakuna, shemeji. Inawasha."

"Huyo Mungu wenu hana jembe?"

"Wewe unalo. Mbona hulileti?"

"Nilete nife kiu?" Kavumbi akacheka, akaja akachuchumaa mlangoni kwa ndugu yake ili Dena naye asikie. "Sikilizeni. Mimi nina minazi. Nitawagemea. Si tembo kali, hapana. Lile la asubuhi, tamu, hata mtoto hunywa. Likiwa tamu halijawa tembo, ni maji ya mnazi tu. Watu watakunywa. Likiwachachia tumboni, hilo ni shauri la matumbo yao. Nyinyi mna kosa gani?"

Dena alicheka kule ndani, mara ya kwanza tangu shoka limpate. "Hapo kaka amesema."

Kahonzi hakusema kitu. Alikuwa akimfuta mtoto pua. Kavumbi akachukua kimya chake kuwa ndiyo, akaondoka akisema palizi ni keshokutwa, yeye mwenyewe atawaambia watu.

Shida ni kwamba Kahonzi alizaliwa katika nyumba ya mgema. Alijua vizuri kwamba kibuyu hakioshwi kikatakata. Machicha ya jana hubaki humo, na ndiyo yanayoliamsha tembo la leo. Alijua pia kwamba hakuna anywaye kabla ya kulima. Watu wangelima mpaka adhuhuri, vibuyu vimekaa vinafoka povu, na hapo tamu ingekuwa ni hadithi. Kavumbi alijua hivyo. Dena alijua hivyo. Mtu pekee ambaye angeweza kudanganyika ni Mwalimu Kahindi, na huyo hangekuwapo.

Alasiri alikaa kando ya kitanda. "Dena, lile tembo halitakuwa tamu."

"Najua."

"Basi?"

"Basi mtoto atakula nini, Kahonzi? Atakula ahadi?"

"Tulisema hatutamnywesha mtu."

"Tulisema nikiwa na miguu miwili."

"Na Mungu aliposema hatatuacha, alikuhesabia miguu?"

Dena akageukia ukuta. Kisha akasema, bado amempa mgongo, "Fanya uonavyo. Lakini wewe ndiwe utakayekwenda kumwambia kaka."

Akaenda. Kavumbi alikuwa juu ya mnazi, miguu tu ndiyo iliyoonekana kati ya makuti.

"Shemeji!" Kahonzi akaita kutoka chini. "Lile tembo, usilete!"

Miguu ikasimama. "Watu nimeshawaambia!"

"Waambie tena!"

"Niwaambie nini? Kwamba mke wa ndugu yangu anawaita walime wanywe maji ya kisima?"

"Waambie kutakuwa na sima, na kunde za nazi, na papa mkavu. Wale washibe."

"Sisemi," Kavumbi alijibu, akapanda juu zaidi. "Waje wajionee."

Walikuja. Umande haujakauka, walikuja kwa njia ile nyembamba, wanaume kwa wanawake, majembe begani, wakiongea kwa sauti ya watu wanaokwenda kwenye jambo zuri. Macho yao yalitangulia kwenye kivuli cha mkorosho, yakatafuta vibuyu. Kulikuwa na chungu kimoja kikubwa juu ya mafiga, basi.

Kahonzi alisimama mwanzo wa shamba. Alikuwa amejipangia maneno, lakini yalipotoka yalikuwa machache. "Jamani, nisameheni. Tembo hakuna. Chakula kipo, kingi, na mimi na Dena tutawashukuru."

Kisha mwanamke mmoja akacheka.

"Kahonzi, yaani papa mkavu, na hakuna cha kuteremshia?"

"Mwambieni huyo Yesu wake aje na ndugu zake," mwingine akasema. "Shamba lenyewe si kubwa."

"Ungeniambia jana, mwanangu," mzee mmoja akalalamika, na alikuwa analalamika kweli, "ningelala."

Hawakumtukana. Hilo ndilo lililouma. Waligeuka taratibu kama watu waliobisha hodi nyumba isiyo yao, wakaenda zao wakiulizana leo ni kwa nani tena. Njia ikabaki tupu. Kutoka ndani Dena aliuliza, "Wamekwenda?" na Kahonzi akajibu, "Wamekwenda," na hakuna aliyeongeza neno.

Akamfunga mtoto mgongoni, akashika jembe. Hakuomba maombi marefu. Alisema, "Wewe ulisema," kisha akainama.

Ng'ambo ya njia kulikuwa na mji wa Awadh, nyumba zake na za jamaa zake. Zamani Awadh akiitwa Kambi, na alikuwa wa mlango mmoja wa ukoo na kina Dena. Aliposilimu alibadilisha jina, na mkewe akawa Chiku, na dada zake wawili wakamfuata katika dini. Watu kama hao waliitwa mahaji. Nao walikuwa wameacha tembo, na hawakula tena ovyo katika nyumba za watu. Watu wa kanisa na mahaji hawakutembeleana. Mwalimu Kahindi hakupenda, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyewasomesha kina Awadh hakupenda vilevile. Kahonzi na Chiku walikutana kisimani, wakajuliana hali, wakajitwika mitungi yao, wakaachana.

Siku ile, jua limeshapanda, Chiku alivuka njia.

"Hodi shambani."

"Karibu."

"Nimeona watu wanakuja, nikaona watu wanarudi. Nikasema, kumefiwa?"

"Hakujafiwa. Hakuna tembo."

Chiku alicheka mpaka akajishikilia kwenye mpini wa jembe la Kahonzi. "Ewe dada yangu! Yalitupata hayo. Mwaka ule tulioingia katika dini, Awadh aliita watu, akawawekea kahawa na tende alizozitoa Malindi. Kahawa! Walimtazama kama amewapa dawa ya minyoo. Tangu hapo twajilimia wenyewe."

Kahonzi naye akacheka, hakutaka lakini alicheka. Kisha Chiku akalitupia shamba jicho, akalitupia na lake kule ng'ambo.

"Simsim yetu imezidiwa," akasema. "Sisi tuko wanne na haitushindi, lakini yatuchelewesha. Njoo kwetu kesho na keshokutwa, tuimalize upesi. Kisha tutakuja kwako sote."

"Mahindi yangu hayangoji, Chiku."

"Na simsim yangu yangoja?"

Kahonzi akamweka vizuri mtoto mgongoni. Alikuwa amemwomba Mungu watu wa kanisa, tena kwa majina, mmoja mmoja. Chiku hakuwamo katika maombi yale. Na alichokuwa akiambiwa ni aliache shamba lake liendelee kuzama huku akipalilia la mwingine, kwa neno tu la mtu ambaye mpaka jana hawakuwahi kuketi pamoja. Kama wasingekuja, hapangekuwa na pa kushitaki. Alimtazama Chiku usoni. Uso ulikuwa wa mtu aliyechoka kama yeye.

"Nitakuja," akasema.

"Na hicho chungu chanukia nini?"

"Kunde na papa. Cha wale waliokwenda."

"Kimewahi kuingia nguruwe mwitu?"

"Nimekifinyanga mwenyewe juzi juzi. Hakijaona hata panya."

"Basi usiwamwagie kuku. Ngoja niwaite wenzangu." Na mchana ule chakula cha palizi kililiwa na watu ambao hawakuwa wamepiga hata jembe moja. Awadh alikwenda na bakuli lake mpaka kitandani kwa Dena, wakala pamoja, na kwa muda mrefu walizungumza habari za mguu, kwa kuwa mengine hawakujua waanzie wapi.

Walipoondoka Dena akasema, "Mahaji?"

"Mahaji."

"Mwalimu atasemaje?"

"Mwalimu aliniambia nianze pale ninapoweza."

Siku ya kwanza katika simsim ya Chiku ilikuwa nzuri. Siku ya pili ilikuwa ndefu, maana kila alipoinuka kunyoosha mgongo aliliona shamba lake kule ng'ambo, na magugu, kwa jinsi alivyoona yeye, yalikuwa yakirefuka akiyatazama. Jioni simsim ikaisha. Usiku huo mvua ikanyesha, kubwa, isiyokatika.

Asubuhi mvua ilikuwa imesita. Kahonzi aliingia shambani kabla ya jua, akalima na kutazama njia, akalima na kutazama njia. Hakuna aliyevuka. Moshi ulipanda katika mji wa Awadh kama kawaida. Alisikia hata sauti ya Chiku akimwita mbuzi. Jua likaja, likapanda. Akajiambia kwamba hivi ndivyo alivyostahili, kwenda kuwaamini watu asiowajua undani. Kisha akajiambia kwamba hakuwa amewaamini wao, alimwamini Mungu. Kisha akaona kwamba hilo ni baya zaidi, akalima kwa nguvu ili asifike mwisho wa fikra ile. Tope lilimganda jembeni akalikung'uta, akaendelea.

Walivuka njia jua lilipokaribia utosini, wote wanne, hawana haraka. Awadh aliinama akaokota kijidonge cha tope, akakivunja kwa vidole.

"Umeanza lini, shemeji?"

"Tangu alfajiri," Kahonzi alijibu, na hakuificha hasira.

"Basi umepanda magugu tangu alfajiri."

Kahonzi akatazama nyuma yake. Ndago alizozing'oa zililala juu ya tope laini, mizizi imeshika, majani yamesimama wima yanang'aa kuliko mwanzo. Jambo hilo alilijua tangu utotoni: ndago haipigwi kwenye tope, hungojewa ardhi inywe maji na kukauka juu. Mtoto wa Matsangoni asiyelijua hilo hakuna. Lakini alikuwa na mbio, na mbio zilimsahaulisha.

"Sisi twangoja ardhi ikauke," Chiku akasema, "na wewe wafikiri tumekutoroka. Sivyo?"

"Ndivyo," Kahonzi akasema. Hakuona njia ya kusema vingine.

"Alaa!" Chiku akamgeukia wifi yake. "Wamsikia huyu? Tumekula papa wake, tutamkimbilia wapi?" Wakacheka, wakaanza kuziokota zile ndago na kuzitupa njiani zife, na Kahonzi akaziokota pamoja nao, hasira imemtoka, aibu imebaki kidogo.

Palizi iliwachukua siku kadhaa. Wakipumzika, kina Chiku walikwenda kuswali kwao kisha wakarudi. Kahonzi alipika, na kila siku aliulizwa habari za chungu, ikawa ndiyo mzaha wao. Siku ya mwisho Kavumbi alitokea, akasimama pembeni na jembe begani.

"Kwa hiyo Mungu wenu ni wa majembe ya kuazima," akasema.

"Jembe ni jembe, shemeji."

"Na wewe Kambi umo?"

"Awadh," Awadh akasahihisha bila kuinua kichwa.

"Kambi, Awadh, magugu hayakujui kwa jina." Kavumbi akaingia katika mstari uliokuwa karibu na nyumba, akalima bila kusema zaidi, akalima vizuri, maana alikuwa mlimaji alipotaka. Adhuhuri akaweka jembe begani. "Nakwenda kunywa kwangu. Hapa kumekauka mno." Lakini kabla hajaenda aliingia kumtazama Dena mguu, na Kahonzi aliwasikia ndugu wawili wakicheka.

Upande wa msituni hawakuuwahi. Walipoufikia, mahindi ya huko yalikuwa yamekwisha kugeuka manjano, Awadh akayatikisa bua akasema haya ya mbuzi. Wakayaacha.

Mavuno yalikuwa pungufu kuliko ya mwaka jana. Uchaga ulijaa, lakini haukujaa mpaka juu. Kabla ya mvua za vuli kulikuwa na siku walizokula muhogo na mchicha, na kulikuwa na siku walizokula mara moja. Mtoto alinenepa vilevile. Dena alianza kutembea kwa fimbo, kisha bila fimbo, akichechemea.

Jumapili moja baada ya mavuno Mwalimu Kahindi aliwataka wenye shukrani wasimame wazitoe. Kahonzi hakuwa mtu wa kusimama, lakini alisimama, mtoto ubavuni.

"Nilimwomba Mungu aniletee watu wa kanisa," akasema. "Akaleta mahaji. Nilidhani hawatakuja, wakaja. Upande wa msituni umepotea. Tumekula, na hatukumnywesha mtu."

Akaketi. Watu walingoja, kwa kuwa shukrani za kanisani huwa ndefu. Kwenye benchi la nyuma mmoja alikohoa, na wengine wawili wakatazamana kwa lile neno mahaji.

"Ni hayo tu, Rebeka?" Mwalimu akauliza.

"Ni hayo, Mwalimu."

Mwalimu akasema amina, na kanisa likaitikia, wengine kwa sauti na wengine kwa midomo tu. Ibada ilipokwisha Kahonzi hakukaa kuzungumza nje na wenzake. Chiku alikuwa akianza kukata simsim kesho yake, na kisu ambacho Kahonzi angekwenda nacho kumsaidia kilikuwa hakijanolewa.